Kumi na Tano, Kumi na Tisa

Kilifika kwetu Mnazi Mmoja ndani ya kichupa cha formalini,
kipande mfano wa punje ya wali,
na kibandiko kwa kalamu ya risasi:
Faki Shaame Ngwali, miaka ishirini na mbili, Wete.
Pua, kushoto. Damu, miezi mitatu.

Miezi mitatu ni hesabu ya hospitali.
Bi Mize ana yake:
mafua, na vidonge vya mafua;
mafusho; kombe la zafarani alilooshewa akanywa;
jino liling'olewa bila ya kosa;
halafu jicho, likaanza kuchomoza
kama mtu anayechungulia dirishani kujua nani kapiga hodi.

Mimi kazi yangu nta.
Nakizamisha kipande humo, nakikata utando kwa utando,
nimezuia pumzi usije ukapeperuka,
nautandaza juu ya maji vuguvugu, nauokota kwa kioo,
naupaka zambarau, naupaka waridi.

Daktari Ruzuna akatazama. Akanyamaza.
Akavua miwani, akatazama tena.
"Seli hizi hazina kabila," akasema.
"Changa, sare, zina haraka, hazitaji kwao.
Na hapa, ghafla, kijisiwa cha ngozi,
kama mtu mbioni aliyekumbuka jina lake."

Tungeweza kuandika *saratani*, tukatia nukta.
Wangapi wamelala chini ya nukta ile?
Lakini kuna rangi moja, hatunayo,
inayouliza swali moja tu.
Tukaifunga nta kwa pamba, ikasafiri kwa wanayo.

Jawabu lilirudi wiki ya saba.
Faki tulimzika ya tano.

Nikalipeleka mwenyewe. Kwetu pia Wete.
Bi Mize yuko barazani anashona kofia,
sindano inaingia tundu, inatoka tundu,
midomo inahesabu.
"Lina jina," nikamwambia.
"Sema."
Nikasema. Jina refu, gumu, la watu wa mbali,
na ulimi wangu ukajikwaa mara mbili.

"Kimefanya nini hicho?"
"Kila seli ina nyuzi zake, zimepewa nambari.
Ya kumi na tano ilikatika. Ya kumi na tisa ilikatika.
Zikaungana kusikokuwa kwao.
Wanaita ugonjwa wa jeni."

Sindano ikasimama.
"Jeni si damu? Na damu si mimi?"

Ndipo nikajua kilichokuwa kimekaa barazani pale
kabla sijafika:
mtaa mzima ukisema ukoo wa Ngwali una kitu,
na posa ya Kazija, iliyokuwa ije Mfunguo Sita,
imekaa kimya.

"La, Bi Mize. Hakuzaliwa nayo.
Ilitokea seli moja, siku moja, puani mwake.
Hukumpa wewe. Shaame hakumpa. Kazija hana."
"Nani basi kaziunga?"
"Hakuna mtu."

Akaigeuza kofia, akanionesha ndani,
pale mshono unaposema kweli.
"Nilipokuwa mwari nilishona ukanda wa kofia hii
kwa hesabu ya kofia ile. Sikuona.
Kwa nje ilikuwa maua matupu.
Nilipofika mwisho ikakataa kufunga."
Kisha: "Lingewahi jina, angepona?"

Nilikuwa na uongo mzuri, umeiva, mdomoni.
"Sijui. Ni ugonjwa mkali. Pengine tungepata wiki.
Pengine tusingemng'oa jino."

Akatikisa kichwa kwa lile jino.
Sikumwona kulia ila kwa lile jino.

Baadaye akamwita Kazija, akamkalisha.
"Rudia," akaniambia, "yote, na nambari zake,
polepole, aweze kuyasema kwa watu."
Nikarudia. Kumi na tano. Kumi na tisa.
Kazija akayarudia kimoyomoyo
kama mtoto anayehifadhi.

Bi Mize akaivuta kofia karibu na macho.
"Umenipotezea hesabu," akasema,
akaanza tena tundu la kwanza.